Ukuta Unapitisha Watu

Fundi cherehani alikuwa kibarazani akikunja pindo la sketi ya sare ya binti yake wakati bwana wa manispaa alipokuja, akakunjua kiti mbele ya ukuta, akaketi.

Ukuta ndio uliokuwa mwisho wa mtaa. Nyuma yake, karibu kiasi cha kusikia breki zikilia, palikuwa na kituo kipya cha treni. Kukifikia ilibidi uzunguke kwa barabara kuu isiyo na njia ya miguu, malori yakikupumulia kisogoni. Binti alikuwa amepata kazi kituoni humo, ya kutangaza treni. Kwa sauti aliwaacha mbali waombaji wote. Ila alitembelea kiti cha magurudumu, na barabara ile hata wenye miguu yao waliipita roho mkononi.

Bwana wa manispaa alieleza kazi yake bila kuficha. Jiji lilitenga fedha za njia na malango ya kuendea vituo, na fedha huenda panapopita watu. Yeye alitumwa kuwahesabu wanaopita hapa.

"Apite nani, ndugu yangu?" fundi akauliza. "Si unauona ukuta?"

"Nauona. Mimi kazi yangu kuhesabu tu."

Hadi jioni hakuwa amehesabu hata paka.

Asubuhi iliyofuata muuza mayai, akiwa amechelewa treni, aliuegemea ukuta avute pumzi, akajikuta upande wa pili. Beseni lake lilibaki upande huu, likaanguka. Akarudi alikopitia, akalitazama, akasonya. Mayai yalikuwa ya kuchemsha, kwa hiyo hasara haikuwa kubwa. Bwana wa manispaa alibonyeza kidude chake cha kuhesabia mara mbili, kwenda na kurudi.

Mtaa ukapata wazimu wa furaha. Hakuna aliyeuliza imekuwaje. Kila mtu aliuliza foleni inaanzia wapi. Walipita wenye safari na wasio na safari. Waliopita walirudi ili wapite tena, wakisukumana na kutaniana. "Pita tena, shemeji, lango hilo linakuja!" Kidole gumba cha bwana wa manispaa kilivimba, akahamia cha shahada, naye akicheka kama aliyealikwa harusini. Ukuta ulipitisha watu na nguo walizovaa. Vitu vingine uligoma navyo: mikoba, baiskeli, hata miwani ya mwalimu mkuu, aliyefika ng'ambo akaanza kumwamkia mkewe mwenyewe kwa heshima zote.

Fundi alifurahi mpaka akajichoma sindano.

"Tusubiri lango, mama," alimwambia binti yake. "Kwa hesabu hii watatujengea hata mawili."

"Kazi inaanza kesho, Baba. Lango litanikuta huko huko."

Kesho yake alivaa sare, akafunga kitambaa shingoni, akakigeuza kiti kuelekea ukutani. Mtaa una mteremko. Aliachia breki na watu wakampisha wakipiga makofi, naye anacheka, upepo umemjaa kwenye kitambaa. Alipita. Kiti kilibaki upande huu, magurudumu yakiendelea kuzunguka.

Binti aliangukia kokoto za reli. Abiria wawili walimwinua wakamrudisha ukutani mikononi mwao, sketi imechanika gotini. Fundi alimpokea, akataka kumbeba mgongoni ampeleke tena.

"Hapana, Baba. Nibebwe asubuhi, nibebwe jioni, na nikitaka kwenda chooni je? Nipige tangazo?"

Watu walicheka, naye akacheka, kisha akalia. Baba yake alikaa chini akaanza kushona sketi pale gotini, binti akiwa bado ameivaa.

Bwana wa manispaa alirudi baada ya kikao cha jiji. Alitokea ukutani, maana ndiyo njia ya mkato. Hesabu ya mtaa huu, alisema, ilizidi ya mitaa yote. Wajumbe waliipigia makofi. Halafu wakaamua kwamba watu wanaopita vizuri namna hii hawahitaji lango. Fedha zilikwenda kituo cha katikati ya jiji, kung'oa vigae vya mwaka jana na kuweka vya rangi nyingine.

"Na binti yangu?" fundi akauliza.

"Yeye nilimhesabu. Mara mbili, kwenda na kurudi."

Mkuu wa kituo, mtu mwema, hakutaka kuipoteza sauti ile. Ilionekana kwamba inapita ukutani safi kabisa, bila kipaza sauti. Basi binti akaajiriwa upande huu. Kila asubuhi hukaa kwenye kiti chake mbele ya ukuta, sare imenyooka, na mtaa mzima humpita mbio ukimtupia salamu za furaha. Habari za lango zimeisha. Wakubwa wakija na wageni, huwaonyesha ukuta na binti, wakapigwa picha.

Fundi naye amepata wateja ng'ambo. Mwanzoni aliapa atazunguka barabarani. Siku moja akachelewa.

"Treni ya mjini inaingia jukwaa la kwanza," binti alitangaza, sauti imejaa mtaa na kituo. "Abiria wote mnaombwa kupita."

Baba yake alimwekea mkono begani, akautoa, akapita.