Mlio wa Shuka Katika Albamu ya Kwanza

Siku ya Jumamosi, tarehe 9 Machi mwaka 2019, saa tatu kamili asubuhi, watu wanne wenye mikono iliyochubuliwa na sabuni waliingia katika chumba chenye mazulia hata ukutani, ili warekodi albamu yao ya kwanza. Walijiita Kamba ya Nguo, kwa kuwa wote walifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Waliimba nyimbo za zamani za kazini, zile walizozikuta kwa waliowatangulia, na fundi wa mashine za kufulia alikuwa amezitilia gitaa la umeme linalonguruma hadi vikombe vikatikisika mezani.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya Chiriku, mdogo wao kwa umri, ambaye mdomo wake haukujua likizo. Sauti ya chini ilikuwa ya mpiga pasi, dada wa marehemu mume wa Mama Daftari. Naye Mama Daftari, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya daftari lisilotoka katika mfuko wa aproni yake, alishika sauti ya kati. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na alikuwa na mwaka mmoja na nusu tu tangu ajue kusoma.

Kufikia saa tisa alasiri nyimbo nane zilikuwa zimekwisha kuingia kibindoni. Ulibaki wa tisa, na huo ulikuwa wake. Aliuandika mwenyewe katika darasa la kisomo cha watu wazima, kumshukuru mwalimu wake, na ulianza hivi: "Dole gumba langu limestaafu, sasa mkono wangu unasema." Darasa zima liliahidiwa kwamba wimbo huo utasikika. Mwalimu alikuwa anahamishwa mwisho wa mwezi uliofuata, na Mama Daftari hakuwa na zawadi nyingine ya kumpa.

Alitoa karatasi, akainyoosha kwa viganja, akasogea kwenye maiki. Gitaa likaanza, naye akaanza, kidole kikifuata mstari neno kwa neno.

Mpiga pasi alivua visikilizio masikioni. "Wifi yangu, unaimba au unatusomea tangazo la msiba?"

"Mwacheni," alisema Chiriku, "huenda dole lenyewe ndilo lililofariki, si kustaafu!"

Walicheka, hata Mama Daftari akacheka. Lakini mara ya pili ikawa kama ya kwanza, na ya tatu ikawa mbaya zaidi. Prodyuza, kijana mpole aliyekaa nyuma ya kioo, alizungumza kwa upole uliomuumiza kuliko karipio.

"Mama, sauti ipo, ila imelala. Saa kumi na moja kwaya nyingine inaingia, na sina siku nyingine ya kuwapa. Tukishindwa, albamu itoke na nyimbo nane. Haina ubaya."

Kwa Mama Daftari ilikuwa na ubaya, tena mkubwa.

"Iweke hiyo karatasi chini, dada," fundi alimsihi. "Wimbo unaujua. Umetuimbia miezi miwili mfululizo."

"Siiweki."

"Kwa nini lakini?"

Aliibana karatasi kifuani. "Miaka yote watu wamenisomea. Barua nimesomewa, dawa za wanangu nimesomewa, mpaka cheti cha kifo cha mume wangu nimesomewa na mtu nisiyemjua. Leo niko mbele ya maiki. Nikiiweka chini, nitakuwa tena yule asiyejua."



Mpiga pasi alitazama huku na huku, akaona kinanda kilichofunikwa shuka jeupe kuzuia vumbi. Akaenda, akalivuta, akashika kona mbili, na zile nyingine mbili akamnyooshea wifi yake.

"Shika kona zako."

Sasa, katika chumba chao cha kufulia kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: mwenzako akikunyooshea kona za shuka, unazishika, hata kama una hasira naye, hata kama ulikuwa unakula. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja, na haliachwi lianguke. Kwa miaka kumi na tisa Mama Daftari hakuwahi kuivunja sheria hiyo. Basi mikono yake ilitii kabla yeye mwenyewe hajakata shauri. Karatasi aliiweka juu ya kigoda, akashika kona.

Wakavuta. Shuka likalia pa! Vumbi likatimka, Chiriku akapiga chafya. Wakakunja, wakasogeleana, wakaachana, wakavuta tena. Pa! Kwenye mvuto wa tatu wimbo ukatoka wenyewe, kama ulivyokuwa ukitoka kila asubuhi kati ya mvuke na harufu ya dawa ya madoa. Mama Daftari hakuwaza herufi wala kioo. Akilini alimwona mwalimu akiinama juu ya bega lake, akimwambia, "Taratibu, mama, kalamu haikimbii." Sauti ikajaa. Gitaa likaingia chini yake, na sauti za wenzake zikaipokea huku na huku.

Prodyuza alikuja akinyata, akaweka maiki ya pili karibu na shuka, akarudi nyuma ya kioo. Waliimba mara moja tu baada ya hapo, shuka likilia vilevile, na hiyo ndiyo iliyobaki. Chafya ya Chiriku haikuingia, ingawa mwenyewe aliipigania sana.

"Wifi," Mama Daftari alisema wakati wa kutoka, "Mungu akulipe. Mimi sina cha kukulipa."

"Utanilipa. Kesho mashuka ya wodi ya wazazi ni zamu yako na yangu."

Albamu ilifika darasani siku mbili kabla ya mwalimu kuondoka. Wanafunzi waliusikiliza wimbo wa tisa, na kila shuka lilipolia, mwanamke mmoja aliyefanya kazi ya usafi alitikisa kichwa kama anayemtambua ndugu. Kisha Mama Daftari akasimama mbele na kasha la albamu mkononi, akasoma shukrani zilizochapwa nyuma ya kasha hilo. Alisoma taratibu, jina kwa jina, bila kidole. Jina la mwisho lilikuwa la mwalimu, na mwalimu aligeukia ubao, akaufuta ingawa ulikuwa mtupu.

Wewe uliyefika hapa, usiikunje hadithi hii ukaifungia sandukuni. Shika kona zako mbili, na zile nyingine umnyooshee aliye karibu nawe. Kama hajui kusoma, msomee leo, kisha umwonyeshe darasa lilipo.