Mlango wa Jikoni

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sitaficha. Siku Peres aliponipigia simu akilia kwamba amefutwa kazi kwa sababu ya maneno aliyoandika Jikoni, sikumuuliza imekuwaje. Nilimuuliza ni nani. Nilikuwa kwenye ngazi za ofisi yetu pale Kenyatta Avenue, nimebeba chapati na maharagwe kwa mfuko, na kabla sijafika orofa ya tatu nilishampata wa kulaumiwa.

Jikoni lilikuwa jina tu. Mwaka ule wa 2006 tulikuwa na jukwaa la mtandaoni la waandishi wa programu za kompyuta, ambalo mimi, Kuria na Obuya tulilianzisha tukiwa chuoni. Sehemu ya nje tuliiita Sebuleni. Huko aliingia yeyote: mwanafunzi aliyekwama, mtu wa Kampala mwenye swali, hata muuza printa kuukuu. Sehemu ya ndani, Jikoni, ilikuwa ya wanachama peke yao, watu arobaini na kitu. Humo ndimo tulimosema ya moyoni: bosi gani anatukana watu, mradi gani umeoza, ofisi gani inatafuta mtu. Nusu yetu tulikuwa tumepata kazi kupitia Jikoni.

Na hakuna aliyeingia kwa barua pepe, zii. Ilibidi uje chai ya Jumamosi, hoteli moja ya ghorofani Latema Road, tukuone sura, kisha wanachama wawili wainue mkono kukudhamini. Watu walisema ati tunajifanya chama cha siri. Tulicheka, lakini haki ya Mungu tulijisikia. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa jukwaa. Funguo zote zilikuwa kwangu, na nilizipenda kuliko nilivyokubali.

Sasa Peres. Alikuwa kampuni moja ya bima, akaandika Jikoni kwamba kampuni yao imeacha siri za wateja wazi kwenye kompyuta, na kwamba amemwambia bosi mara tatu, naye bosi akamwambia apunguze kiherehere. Siku kumi baadaye bosi akamwekea karatasi mezani. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, yamechapishwa kutoka jukwaani. Wakampa hadi saa sita atoe vitu vyake.

Nani alikuwa amemwaga mtama? Kwangu jibu lilikuwa rahisi. Oloo, mwanachama mwenzetu, mtu mpole anayeishi Waithaka, alikuwa amepata kibarua cha wiki mbili cha kurekebisha mtandao katika kampuni hiyo hiyo. Obuya alikuwa amemwona akinywa chai na yule bosi. Tena wiki iliyotangulia Oloo na Peres walikuwa wamebishana Jikoni kwa ukali juu ya jambo dogo ambalo hata silikumbuki. Kwani nilitaka ushahidi gani mwingine? Nilijiona mpelelezi mkubwa.

Jumamosi tulikutana watu kumi na sita. Kuria, aliyekuwa mwenyekiti, alitaka tuulize polepole. Mimi nikasimama. Nilimwambia Oloo mbele ya wote kwamba amemuuza Peres kwa kikombe cha chai. Alisema hakumpa mtu yeyote kitu chochote, na kwamba ingefaa tuchunguze vizuri kwanza. Sikumwacha amalize. Niliuliza nani bado anamdhamini, na hakuna mkono ulioinuka, hata wa Obuya aliyemleta kwetu miaka mitatu nyuma. Oloo akalipia chai yake akashuka ngazi.

Nilienda moja kwa moja saiba, duka la intaneti, nikamfutia uanachama, nikabadilisha maneno ya siri ya wasimamizi, nikaandika Jikoni kwamba sasa tuko salama. Watu wakajibu ukurasa mzima wakimwita kila jina wanalolijua. Sikumzuia mtu.

Jumanne nilimpeleka Peres kula chakula cha mchana karibu na Jeevanjee, nimtulize. Ile karatasi ya bosi alikuwa bado anatembea nayo kwenye mkoba. Akaifungua katikati ya sahani zetu ili anionyeshe alichoandika, nimwambie kama kweli kilikuwa kibaya kiasi hicho. Mimi sikufika kwenye maneno yake. Niliishia mstari wa juu kabisa.

Jukwaa letu lilimsalimu kila mtu kwa jina pale juu ya ukurasa. Mimi liliniandikia Karibu, Wanjugu. Oloo lilimwandikia Karibu, Oloo. Karatasi ya bosi ilisema Karibu, Mgeni. Maana yake aliyechapisha hakuwa ameingia kwa jina la mwanachama yeyote. Alikuwa ni mtu wa nje, amesimama Sebuleni, na bado alikuwa akisoma ya Jikoni.

Peres hakuwa ameona kitu, aliendelea kuonyesha maneno yake kwa kidole. Nikamwambia hayana ubaya wowote. Akaanza kulia, nikamkumbatia, na huku nimemkumbatia akili yangu ilishakimbia kurudi ofisini.

Nilifungua jedwali la ruhusa. Mstari wa wasimamizi, mstari wa wanachama, mstari wa wageni. Na hapo kwa wageni, kwenye safu ya kusoma Jikoni, palikuwa na tiki. Nikakumbuka. Wiki kadhaa nyuma nilikuwa nimehamishia jukwaa kwenye programu mpya, na nilitaka kujaribu kurasa kwenye kompyuta ya pili bila kuingia kwa jina langu, basi nikawapa wageni ruhusa kwa dakika tano. Dakika tano tu! Bosi wangu akaniita mkutanoni. Niliporudi nikatazama Jikoni, nikaona kila kitu kiko sawa. Kingekosaje kuwa sawa? Msimamizi huona vyumba vyote, vilivyofungwa na visivyofungwa. Na wanachama nao wangejuaje? Kila mmoja wetu alikuwa ameiambia kompyuta yake imkumbuke asije akasumbuka kuandika jina tena. Hakuna aliyewahi kutoka. Watu arobaini tulikuwa ndani, na hapakuwa na hata mmoja wa kutuambia mlango uko wazi.

Yule bosi wa Peres labda alikuwa tu akitafuta jina la kampuni yake mtandaoni, na Jikoni yetu ikamfungukia.

Nikaitoa ile tiki. Haikuchukua hata sekunde mbili. Halafu sikumwambia mtu.

Siku zilizofuata sikuweza kutulia popote. Kazini nilikuwa nasimama kila baada ya dakika kumi kwenda kuchota maji nisiyoyanywa. Jioni nilitoka mjini kwa miguu hadi Westlands, na nikifika Westlands nashindwa kusubiri gari, naendelea na Waiyaki Way mpaka nyumbani Mountain View, visigino vikiwaka moto. Nikifika naosha vyombo ambavyo tayari ni safi. Mama aliniuliza kama ni mambo ya mwanamume. Aki ningeshukuru yawe ya mwanamume.

Kila mchana nilimpeleka Peres kula. Nilimtafutia kazi kwa bidii, nikampigia simu kila ninayemjua, mpaka siku moja akanishika mkono akasema mimi ni dada yake hasa. Nilijiambia kwamba nikisema, jukwaa litavunjika. Nilijiambia kwamba Peres ataumia mara ya pili. Ulikuwa uongo mtupu. Niliogopa aibu, basi. Niliogopa kusimama pale Latema Road mbele ya watu wale wale, na mdomo ule ule.

Jumatano ya wiki iliyofuata ikaja barua pepe ya Oloo, mistari minne. Ana mahojiano ya kazi Jumatatu, ofisi moja ya Loresho, na wamemtaka apeleke mifano ya kazi yake. Mingi iliyo mizuri iko kwenye majibu aliyowaandikia watu Jikoni kwa miaka mitatu, na sasa hawezi kuifikia. Akaniomba, kama si usumbufu, nimtolee nakala. Hapakuwa na tusi wala lawama. Afadhali angenitukana.

Ningeweza kumtumia kwa barua pepe. Badala yake niliweka kila kitu kwenye flashi, nikaomba ruhusa kazini Alhamisi mchana, nikaenda Waithaka. Kule ndani kulikuwa na majibu zaidi ya mia sita. Mengine alikuwa amenijibu mimi.

Mkewe, Maurine, ndiye aliyenifungulia geti. Aliniangalia juu hadi chini, akauliza kama mimi ndiye Wanjugu. Nikaitikia. Akanikaribisha ndani, akaleta chai, kisha akatoka kwenda kuanua nguo. Oloo akapokea flashi akashukuru. Akasema kazi hiyo inataka pia watu wawili wa kumdhamini, watu wanaojua utendaji wake. Alikuwa amewaandikia watatu wa Jikoni na hakuna aliyemjibu, na bila wadhamini hata haina haja kwenda Loresho. Alisema hivyo bila kulalamika, anaangalia kikombe. Hapo nikashindwa kujizuia. Nikamwambia yote, tiki, wageni, karatasi ya bosi, kila kitu. Nikamaliza, nikangoja anifokee.

"Najua," akasema.

Sikumwelewa.

"Jumamosi ile nilipofika hapa nilifungua jukwaa, nione tu kama umeshanifuta. Nikakuta umenifuta, na bado naisoma Jikoni yote. Nilisoma kila kitu mlichoniita. Maurine pia alisoma."

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Lilikuwa swali la kijinga na nililijua nikiliuliza.

"Ningemwambia nani? Mimi ndiye mwizi, halafu ni mimi niseme mlango ulikuwa wazi?" Aliisukuma ile flashi kidogo mezani. "Halafu Jumanne, saa tisa hivi, nikaona pamefungwa. Nikamwambia Maurine, Wanjugu ameona. Leo ataandika. Tukangoja. Jumatano tukangoja. Leo ni siku ya ngapi?"

"Ya tisa."

Nililia. Aliniacha nilie mpaka nimalize, na Maurine akapita mlangoni na nguo zake begani. Nilipoanza kuomba msamaha, Oloo aliinua mkono.

"Umemwambia Peres?"

"Bado."

"Basi samahani yangu iache kwanza. Mwambie Peres. Mimi angalau nilikuwa najua."

Nilipaswa kumpigia Peres pale pale nje ya geti. Nilitoa simu mara mbili nikairudisha. Nikaona ni heri niseme mara moja mbele ya wote, hivyo nikawaandikia watu kwamba chai ya Jumamosi kila mtu aje, na nikamwomba Oloo naye aje. Nadhani hata hapo nilikuwa najipa siku mbili zaidi za kuwa dada yake Peres.

Jumamosi hoteli ilijaa. Oloo alikuja na Maurine, wakakaa peke yao meza ya dirishani. Nilisimama nikasema. Sikuzunguka na sikutia maneno ya kitaalamu. Nilisema niliacha mlango wazi mimi, kwa tiki moja niliyoisahau, nikamfukuza Oloo kwa kosa langu, na nilipogundua nikafunga kimya kimya na kunyamaza. Nikaweka mbele ya Obuya karatasi yenye maneno yote ya siri, nikasema jukwaa lipate msimamizi mwingine.

Kuria, ana moyo mzuri huyo, akaanza kusema kosa kama hilo linaweza kumpata mtu yeyote. Halafu akauliza nani anamdhamini Oloo, na mikono ikainuka chumba kizima, ya wengine ikainuka haraka kupita kiasi. Oloo akawashukuru, akasema kurudi atafikiria, lakini kwa sasa anahitaji barua mbili kabla ya Jumatatu. Obuya hakuweza kumtazama. Akasema ya kwanza ataiandika yeye, leo hii.

Peres alikuwa amekaa karibu nami muda wote huo.

"Ile tiki naielewa," akasema. "Ni kazi yetu, sote tumewahi kusahau kitu. Nakuuliza jambo moja tu. Ulijua lini?"

Nikasema Jumanne ile, alipotoa karatasi.

"Kabla hujanikumbatia, ama baada?"

Kulikuwa na nafasi ya kudanganya, na nani angejua? Niliiacha ipite.

"Kabla."

Akatikisa kichwa polepole. Akachukua mkoba na kikombe chake, akaenda meza ya dirishani, na Maurine akamsogezea kiti. Baadaye kidogo mtu akaagiza mandazi, Kuria akaomba barua ya pili aandike yeye, na mazungumzo yakarudi kuwa ya kazi kama Jumamosi yoyote. Mimi nilikuwa bado nimesimama. Hakuna aliyeniambia nitoke, na hakuna aliyeniambia nikae.