Turubai Nje ya Ua wa Scola

Mzee Nsajigwa wa Ibaba hakupanda basi. Alikwisha kulijaribu mara tatu maishani mwake, na mara zote tatu alishushwa njiani baada ya kutapikia viatu vya watu. Kwa hiyo alipokata shauri kwenda bondeni kumwona mjukuu, hakuna aliyemuuliza atasafiri na nini. Mkewe Agnes alimshonea mfuko mpya wa unga, naye akakaa kibarazani kukaza spoki za gurudumu la nyuma la baiskeli yake. Ilikuwa Agosti ya mwaka 2001, mahindi yalikuwa ghalani, na yeye alikuwa na miaka sitini na mmoja.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Isaka, mtoto wao pekee wa kiume, alishuka bondeni upande wa Kamsamba kuvuna mpunga wa watu, akanogewa, akaoa huko huko binti wa Kisukuma aitwaye Scola. Harusi ilifungwa wakati wa masika, barabara za Ileje zikiwa tope tupu, na aliyefika kuwakilisha ukoo ni Osea, mdogo wake Nsajigwa, ambaye alikula, akashiba, akarudi bila habari ya maana. Sasa kulikuwa na mtoto wa miezi minane, Yonathani, ambaye Agnes hajamtia machoni. Kwenda mwenyewe hakuweza, maana goti lilikuwa limeharibika kiasi kwamba hata kanisani alishikwa mkono. Walituma barua mbili kumwomba Isaka aje na familia yake. Jibu lilikuja moja, fupi, kwamba mwenzake anasita kwenda kwa watu ambao hawajawahi kufika kwake.

Agnes alisomewa ile barua mara mbili, kisha akamwambia mumewe, "Nenda ukaniletee." Hakusema zaidi. Nsajigwa alimjua, akirudi mikono mitupu, mama yule asingemlaumu, angenyamaza tu, na hilo ndilo lililomtisha.

Katika safari za baiskeli mzee hakuwa mgeni. Zamani alipeleka maharage Tunduma kila mwezi, gunia nyuma na jingine dogo kwenye fremu, na alijua kila mahali penye maji na kila mahali penye mbwa. Hakulala gesti hata siku moja. Jioni akifika kijijini alipiga hodi kwa mwenyekiti au kwa mwinjilisti, akaomba kipande cha uwanja. Alisimamisha baiskeli kwenye stendi, akafunga kamba kutoka kwenye usukani hadi kwenye kigingi alichokichomeka ardhini, akatupia juu yake turubai la bluu na kubana kingo zake kwa mawe. Nyumba ilikuwa tayari kabla ugali haujaiva. Mzigo wake safari hii ulikuwa unga, dagaa, sufuria moja, pampu, viraka na gundi yake, na nusu gunia la viazi mviringo kwa ajili ya wakwe, kwa kuwa bondeni viazi havikubali.

Siku ya kwanza alipita Itumba na Isongole, akalala karibu na kijiji cha Mpemba. Siku ya pili aliingia Tunduma, akapenya katikati ya malori yaliyopanga foleni ya kuvuka mpaka, akasimama kwa fundi aitwaye Watson ili abadilishiwe mpira wa breki. Watson alimwamkia kwa Kibemba, "Mulishani, bashikulu," kama alivyomwamkia kila mzee aliyepita pale, akamshauri kwa roho safi apakie baiskeli kwenye Fuso. Mzee alimjibu kwamba Fuso ni basi lisilo na viti. Mchana huo huo aliiacha barabara ya Sumbawanga na kushika njia ya bondeni, vumbi hadi kwenye nyusi.

Jioni ya tatu alipewa uwanja nyuma ya kanisa dogo, kwa mwinjilisti mmoja wa Kinamwanga. Jenista, mke wa mwinjilisti, alimletea ugali na mlenda, akakaa kidogo kuzungumza. Alitaka kujua akifika kwa mwanawe atalala chumba gani. Nsajigwa alishangaa swali lenyewe. Akamweleza kwamba atalala kwenye turubai lake, nje ya ua, kwa sababu yeye ni baba mkwe na mle ndani mna mkamwana.

"Na mkamwana anajua?" Jenista akauliza.

"Nani asiyejua?" mzee akajibu, akaendelea kumega ugali.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lile lilikuwa la watu wa milimani hasa. Kwao Ibaba, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Mwanamke akimwona mzee anakuja njiani anaingia shambani na kumpa mgongo mpaka apite. Mzee naye, kama ana adabu, anakohoa kutoka mbali ili ampe mwenzake nafasi ya kujificha. Hakuna ugomvi ndani yake. Ni heshima, tena heshima ya juu kuliko zote. Agnes aliishi miaka tisa katika ua mmoja na baba yake Nsajigwa, akampikia kila siku, na hakumwona uso mpaka siku mzee alipolazwa kwenye jeneza. Wachungaji walikemea jambo hilo, watu wakaitikia amina, kisha wakarudi nyumbani kuendelea kujificha.

Siku ya nne aliteremka ukingo wa bonde. Mteremko ule haukuwa wa breki peke yake. Alikata tawi kubwa lenye majani, akalifunga nyuma ya baiskeli likokoteke, akashuka taratibu huku akilisikia joto la bonde likimpanda miguuni. Alasiri alionyeshwa nyumba ya Isaka, nyumba ya matofali mabichi iliyozungushiwa ua wa miiba, hatua mia mbili kutoka kwa Ngusa, baba yake Scola. Nsajigwa alishuka kwenye baiskeli, akajifuta uso, akakohoa.

Alikohoa vizuri, kikohozi cha mkwe mwenye adabu, mara tatu. Mlango ukafunguka, na badala ya kujificha Scola akatoka mbio na mtoto mgongoni, akaja moja kwa moja mpaka mbele ya gurudumu, akapiga magoti mavumbini na kuinamisha kichwa.

"Mwadila, baba," akamwamkia kwa Kisukuma.

Mzee alivuta kofia mpaka kidevuni, akaigeuza baiskeli papo hapo na kuisukuma mbio bila kuona aendako, hadi alipogonga kisiki pembeni mwa shamba la mtama. Gunia likachanika, viazi vikabiringika kila upande. Aliviokota kwa kupapasa, mgongo ukiwa umeelekea nyumba, akiomba Mungu yule mtoto wa watu aingie ndani. Scola alikaa pale pale kwa magoti muda mrefu. Kisha alinyanyuka, akajikung'uta vumbi, akaingia ndani bila neno.

Isaka aliporudi kutoka mashine ya kukoboa alikuta turubai la bluu limesimama chini ya mgunga, nje ya ua. Alimsihi baba yake aingie ndani. Baba yake alimwuliza kama amepoteza akili. Chakula kililetwa na Scola mwenyewe, na mzee alimpa mgongo tangu alipoona kivuli chake, akamwomba akiweke chini tu. Aliweka chini. Nsajigwa aliona mambo yanakwenda sawasawa, akala kuku mzima.

Kesho yake asubuhi alikuja Ngusa na fimbo yake na kigoda chake. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa kauli, jambo lililofanya maneno yake yaume zaidi. Alisema binti yake alipiga magoti akaonyeshwa mgongo wa baiskeli. Alisema majirani wamepita tangu alfajiri kuuliza kwa nini mgeni amelala porini wakati nyumba ipo, na kwamba kwao mtu anayekataa kulala kwa mwenyeji wake anamtangaza mwenyeji kuwa mchawi. Scola amelia usiku kucha. Scola amesema pia kwamba huko milimani hatakwenda, wala mtoto hatakwenda, na yeye Ngusa kama baba hataki kumlazimisha.

Nsajigwa alieleza yote kwa haraka, heshima, kikohozi, miaka tisa ya Agnes, akichanganya Kiswahili na Kindali mpaka Ngusa akainua mkono kumwomba aende polepole. Alipomaliza, Ngusa alitazama lile turubai kwa muda.

"Kumbe ulikuwa unamheshimu," akasema.

"Sana."

"Basi hakuna aliyemwambia."

Wote wawili walimtazama Isaka aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa ua. Isaka aliona aibu iliyomfika masikioni. Alikiri kwamba hakuwahi kumweleza mkewe, kwanza kwa sababu alidhani mambo hayo yamebaki milimani, na pili kwa sababu aliogopa atachekwa na shemeji zake. Nsajigwa hakumkaripia. Kilichomuuma kilikuwa zaidi ya hasira. Alijiona amekanyaga pedali siku nne kuja kumnyang'anya Agnes mjukuu kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ile yote alikaa chini ya mgunga akiziba tundu ambalo halikuwepo kwenye tairi. Alimsikia Yonathani akicheka ndani ya ua, kicheko cha kukwaruza kidogo, na hakuweza kumwona kwa sababu mtoto hakushuka mgongoni kwa mama yake. Mara akajitetea moyoni kwamba yeye ni mkubwa na desturi si mali yake peke yake ya kuitupa. Mara akawaza goti la Agnes. Alipolala alikuwa amekwisha kuamua, na uamuzi ulimtisha kama kuvua nguo hadharani.

Asubuhi iliyofuata alivua kofia, akaiacha kwenye usukani. Hakukohoa. Aliingia kwenye ua kwa miguu yake, kichwa wazi, akaelekea jikoni kwenye moshi, tayari kumwamkia mke wa mwanawe uso kwa uso. Mle ndani sufuria ikaanguka kwa kishindo. Aliona pindo la kanga likipotea nyuma ya mlango, na mlango ukafungwa kwa ndani.

Isaka, ambaye alikuwa akifua shati kando ya kisima, alimwambia kwa sauti ya chini kwamba jana alimweleza Scola kila kitu, na Scola ameamua kushika desturi ya wakwe zake. Amekwisha kumwuliza hata namna ya kutembea akisikia kikohozi.

Ilimchekesha mzee na ilimuuma kwa wakati mmoja. Alikaa chini, mgongo kwenye ukuta wa jiko, mahali ambapo udongo ulikuwa umebanduka na fito zinaonekana. Upande wa pili alisikia mtu akipumua na mtoto akinyonya.

"Mwanangu," akasema, "nimekuja kukuamkia, na mlango umefungwa. Nimestahili. Juzi ulipopiga magoti nilikukimbia, nikadhani ninakupa heshima. Hukuiona, kwa sababu nilikuwa nimekugeuzia mgongo. Mama yako Agnes hawezi kufika huku. Goti limekufa. Amenituma nikuombe, si nikuite. Ukikataa nitamwambia kosa ni langu."

Mtoto aliacha kunyonya, akalalamika, akarudishwa kwenye titi.

"Isaka ameniambia mama alijificha miaka tisa," Scola akasema hatimaye, kwa sauti nyembamba kuliko mzee alivyotazamia.

"Tisa."

"Hakuchoka?"

Nsajigwa alifungua mdomo kujibu kwamba hapana, ndivyo ilivyokuwa, hakuna aliyechoka. Halafu akagundua kwamba katika miaka yote ile hakuwahi kumwuliza. Akamwambia kweli, kwamba hajui.

Mzee akasikia maji yakimiminwa kwenye chombo.

"Nitakuja," Scola akasema. "Jumatatu kuna basi. Nikiwa kwenu, baba, nitajificha kama mama alivyojificha, sitakuaibisha mbele ya watu wako. Lakini hapa ni kwangu. Hapa utaingia ndani, utakaa kwenye kiti, na utanawa mikono nikikutazama."

"Sawa," Nsajigwa akasema. Hakujaribu hata kupunguza neno moja.

Isaka alikwenda kulikunja turubai kabla baba yake hajabadili mawazo. Mzee aliingia sebuleni, akakalishwa kwenye kiti cha pekee kilichokuwa na mgongo, mikono kwenye magoti. Scola aliingia na jagi na beseni. Alimweka Yonathani sakafuni karibu na kiatu cha babu, akapiga magoti, akamimina maji polepole juu ya vidole vyake.

Nsajigwa aliinua macho akamtazama. Alikuwa msichana tu, wa miaka ishirini hivi, mweusi wa kung'aa, na pengo dogo la mbele na kovu la zamani juu ya nyusi ya kushoto. Macho yalikuwa yamevimba kwa kulia. Alimtazama mpaka maji yakaisha kwenye jagi. Baba yake mwenyewe alikula chakula cha Agnes miaka tisa, akafa bila kujua kama ana macho makubwa au madogo. Wiki ijayo, yeye akitangulia kufika Ibaba na baiskeli yake kabla ya basi la hawa, Agnes angemwuliza kwanza mkamwana wao anafananaje, naye angekuwa na la kumjibu.