Faili Zilizozaliwa Jumanne

Faili elfu kumi na moja, mia nne na tatu, na zote zimezaliwa Jumanne moja, kati ya saa nne asubuhi na saa nne na dakika ishirini. Mkunga nilikuwa mimi. Kuna watu wamefukuzwa kazi kwa makosa madogo kuliko lile, na mimi niliandikiwa barua ya pongezi.

Ofisi yetu inatengeneza vitabu vya shule. Ni ghorofa ya pili ya jengo lenye lifti isiyopanda: kushoto chumba cha wahariri, kulia chumba cha wachoraji, na mwisho wa ukumbi kichumba changu, ambacho kabla yangu kilikuwa stoo ya mifagio. Kazi yangu, ya ufundi wa kompyuta, nilitafutiwa na dada yangu. Dada ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka tisa, akanisomesha, akanivumilia. Yeye alikuwa anaandika kitabu cha sayansi cha darasa la sita. Miaka mitatu alikaa kwenye meza ya dirishani akimaliza sura moja na kuanza nyingine, na kila jaribio alilifanya kwanza nyumbani kwa mishumaa, siki na chupa za plastiki, hadi binti yake akawa anauliza kama leo tunakula au tunapima.

Mkubwa wake wa kazi alikuwa mhariri mkuu. Sisi kisirisiri tulimwita Maboresho, kwa sababu hakuna karatasi iliyopita mikononi mwake bila yeye kusema, "Nimeiboresha kidogo." Kuboresha kwenyewe kulikuwa kuhamisha mkato mmoja kutoka hapa kwenda pale, na kesho yake kuurudisha. Yeye ndiye aliyeweka sheria kwamba hakuna kutumiana kazi kwa barua pepe. Kila kitu kiwekwe kwenye folda ya pamoja, na kompyuta zote za wahariri zifunguliwe kwa jina moja la kuingilia. Alisema sisi ni familia. Niliona ni busara, tena nikamsaidia kulipanga jambo hilo.

Seva mpya ilipofika, aliniita.

"Fundi, hamisha kila kitu. Sitaki hata faili moja ipotee."

Tovuti yetu ilikuwa imeandikwa kwa PHP, lugha mojawapo ya kuandikia programu, nami PHP ndiyo ninayoijua kama kiganja changu, basi programu ya kuhamisha nikaiandika kwa PHP hiyohiyo. Folda ya wahariri ilikuwa balaa. Ndani ya "Sayansi" kuna "Sura", ndani ya "Sura" kuna "Mpya", ndani ya "Mpya" kuna "Mpya kabisa", na humo ndani, Mungu atusamehe, kuna "Mpya kabisa usiguse". Huwezi kujua mapema utashuka ngazi ngapi. Kwa hiyo programu yenyewe haihesabu ngazi. Inafungua folda na kutazama kilichomo, kimoja kimoja: kikiwa faili, inakinakili, kikiwa folda, inaunda folda ya jina hilo upande wa pili, kisha inajiita yenyewe ianze upya humo ndani, na ikimaliza inarudi pale ilipoachia. Ni kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye masanduku: akikuta sanduku ndani ya sanduku, analifungua vilevile. Mistari kumi na mitano tu.

Jaribio la kwanza liligoma. PHP ikiorodhesha folda hukutajia pia nukta moja, maana yake folda yenyewe, na nukta mbili, maana yake folda iliyo juu yake. Usipoziruka, programu inajizungusha humohumo hadi kompyuta iishiwe pumzi. Nikaziruka. Jumanne saa nne nikaiachia, na saa nne na dakika ishirini ilikuwa imemaliza. Nikahesabu faili za huku na za kule, zikalingana. Nikalinganisha ukubwa wa kila moja, zikalingana. Nilijiona bingwa.

"Kila kitu kimehama?" Maboresho akauliza.

"Kila kitu."

"Haya, tia saini."

Nikatia saini. Alhamisi seva ya zamani ikafutwa na kuchukuliwa na watu wa vyuma chakavu. Kwenye kikao cha wafanyakazi Maboresho alinivisha kilemba cha ukoka mbele ya watu wote, na mimi, mjinga wa kutupwa, nikavimba kichwa. Dada alipiga makofi kuliko wote.

Wiki tatu baadaye nakala ya kwanza ya kitabu ikaja kutoka kiwandani. Kwenye jalada palikuwa na jina la Maboresho peke yake. La dada lilikuwa ukurasa wa mwisho, kwa maandishi ya kutafuta kwa miwani, kwenye orodha ya shukrani, kati ya msahihishaji na dereva: "kwa kusaidia kuchapa".

Dada hakupiga kelele. Alikuja chumbani kwangu, akafunga mlango, akakaa juu ya katoni.

"Mdogo wangu, nimemwandikia mkurugenzi. Kamati inakaa Ijumaa. Maboresho anadai kitabu kaandika yeye, mimi nilikuwa namchapia tu."

"Anasema hivyo kwa macho makavu?"

"Makavu kabisa. Na wenzangu wote pale chumbani wamekuwa mabubu. Siwalaumu, wana watoto. Sasa nitolee tarehe. Sura ya kwanza niliimaliza mtoto akiwa na surua, miaka mitatu iliyopita. Yeye sura zangu kazinakili kwenye folda yake mwaka huu. Jina la kuingilia ni la wote, halisemi nani kaandika, lakini tarehe zitasema nani alitangulia."

"Hilo dogo, dada."

Nilichukua programu ileile, nikaondoa kunakili, nikaiambia ipite folda zote na kuniandikia jina la kila faili na tarehe yake. Orodha ikaanza kushuka kwenye kioo. Sura ya kwanza: Jumanne. Sura ya pili: Jumanne. Folda ya Maboresho: Jumanne. Michoro, barua, picha za sherehe ya kumuaga mlinzi: Jumanne, Jumanne, Jumanne.

Amri ya kunakili ya PHP hubeba kilichomo ndani ya faili. Tarehe haiibebi. Faili mpya inapewa tarehe ya siku iliyonakiliwa, na ukitaka ibaki na ya zamani, lazima wewe mwenyewe uisome tarehe ya zamani na kuigonga juu ya mpya. Ni mstari mmoja. Mstari huo nilikuwa naujua. Siku ile haukunijia kichwani kabisa, kwa kuwa nilikuwa nahesabu faili, na tarehe si faili.

Watu huniuliza kama Maboresho alipanga. Hapana. Yule hajui hata kubadili picha ya mbele ya kompyuta yake. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: hakuhitaji kupanga, alikuwa na mimi.

Nilimwambia dada anipe saa moja. Alipotoka, nikafanya jambo moja la kipumbavu. Niliuandika ule mstari wa tarehe, nikaujaribu kwenye sura ya kwanza, nikaipa siku ya miaka mitatu iliyopita, wiki ya ile surua. Ilikubali papo hapo, bila hata kuuliza mimi ni nani. Nikakaa naitazama. Tarehe ilikuwa ya kweli, na ilikuwa ya kughushi. Nikairudisha Jumanne, nikaenda kumwambia dada kila kitu kuhusu kunakili. Kuhusu jaribio langu sikumwambia, niliona limekwisha.

"Elfu kumi na moja zote?" aliuliza.

"Zote."

"Hata moja haikuponyoka?"

"Programu niliiandika vizuri, dada."

"Ndiyo," akasema. "Uliiandika vizuri."

Jioni ile ndipo alipokumbuka diski. Hakuwahi kuiamini seva ya ofisi, na kila mwisho wa mwezi alikuwa akichukua nakala ya kazi yake kwenye diski ndogo anayoificha kabatini, chini ya mashuka. Tuliiunganisha kwenye kompyuta yangu juu ya meza ya chakula. Yeye alinakili kwa kuburuta folda kwa kipanya, kama mtu yeyote asiye fundi, na kompyuta ilimhifadhia tarehe bila kuombwa. Mwaka kwa mwaka, sura kwa sura, zote zilikuwepo. Dada alilia. Binti yake alipiga makofi na kuruka. Mimi nilijiona nimesamehewa.

"Ijumaa ukiulizwa lolote, jibu kweli tupu," dada aliniambia. "Sisi hatuna cha kuficha."

Kamati ilikaa saa tatu asubuhi kwenye chumba cha mikutano, ambako kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo. Walikuwa watatu: mkurugenzi, ambaye ni mama wa sauti ya upole; mkuu wa utumishi, ambaye alikuwa akiandika tu; na mwanasheria wa ofisi. Maboresho alikaa upande ule, sisi upande huu. Dada alionyesha diski yake na kuzisoma tarehe bila haraka. Mkurugenzi akawa anatikisa kichwa kukubali. Maboresho alitoa kitambaa akajifuta shingo, nami roho ikasuuzika.

Mwanasheria akanigeukia.

"Fundi, tusaidie sisi tusiojua. Tarehe hizi anaziandika nani?"

"Kompyuta yenyewe, mheshimiwa."

"Na mtu akitaka kuzibadili?"

Nilimtazama dada. Uso wake ulikuwa umetulia, uso wa mzazi anayemsikiliza mwanawe akisoma mbele ya darasa.

"Anaweza."

"Ni kazi kubwa?"

"Hapana. Ni mstari mmoja."

"Kwa faili moja. Kwa diski nzima?"

"Programu fupi tu. Mistari kumi na mitano, kumi na sita."

"Unayo programu ya aina hiyo?"

"Ya kupitia folda ninayo. Ndiyo iliyohamisha seva."

"Umewahi kubadili tarehe ya faili yoyote ya kitabu hiki?"

Hakuna aliyeniona siku ile. Ningesema hapana, na ile hapana ingepita.

"Mara moja," nikasema. "Sura ya kwanza, kwenye seva. Nilikuwa najaribu. Niliirudisha."

Dada aligeuza kichwa.

"Ulipoibadili, ilisomeka lini?"

"Miaka mitatu iliyopita."

"Yaani kama inavyosomeka kwenye diski hii."

"Ndiyo, lakini ile diski sikuigusa, mheshimiwa, ile ni ya..."

"Diski ilifunguliwa mara ya kwanza kwenye kompyuta ya nani?"

"Yangu."

"Na huyu mama ni nani wako?"

"Dada yangu. Tumbo moja."

Mwanasheria akafunga daftari. Maboresho hakuwa amefungua mdomo tangu tuingie, na hakuufungua. Alikunja kitambaa chake vizuri akakirudisha mfukoni. Mkurugenzi alitutoa nje, na baada ya nusu saa akatusomea, kwa sauti ileile ya upole, kwamba ushahidi wa tarehe hauwezi kutegemewa upande wowote, kwamba hakuna anayetuhumiwa kwa lolote, na kwamba kitabu kitoke kama kilivyo maana shule zinakisubiri.

Kwenye ngazi dada alitangulia. Alipofika kati ya ghorofa, alisimama akashika ukuta.

"Ungesema hukumbuki."

"Dada, wewe ndiye uliyeniambia..."

"Najua nilichokuambia."

Tukashuka. Nilikuwa na hasira na mwanasheria, na Maboresho, na mkurugenzi na upole wake. Hasira na dada nilikuwa nayo pia, sioni aibu kusema. Na yote niliyokuwa nayo kwao, kwangu mwenyewe niliizidisha mara kumi.

Hakuacha kazi. Angekwenda wapi, na mtoto yuko shule? Alirudi kwenye meza ya dirishani, akapewa kitabu cha darasa la saba. Mimi nimeuongeza ule mstari kwenye programu yangu. Sasa inanakili na tarehe zake, safi kabisa, na sijui ni ya nini tena.

Mwaka mpya shule zilipofunguliwa, binti yake aliingia darasa la sita. Siku ya tatu nilikwenda kuwaona jioni, nikamkuta mezani na vitabu vyake vipya, anavifunika kwa magazeti, mkasi na gundi pembeni. Dada alikuwa anakata vitunguu. Mtoto alimaliza kukunja pembe za kitabu cha sayansi, akachukua kalamu ya wino mzito. Aliandika somo. Aliandika darasa. Kisha kalamu ikasimama.

"Mama, mwalimu amesema tuandike na jina la mwandishi. Niandike lako?"

Dada hakuinua kichwa.

"Andika la kwenye jalada."

"Lakini mama, si wewe..."

"Mwalimu atakukosoa."

Mtoto alinitazama mimi. Nikatazama gundi.

"Sasa nimeshalifunika," akasema. "Silioni."

Dada akaweka kisu chini, akafuta mikono, akaja kusimama nyuma ya kiti cha mwanawe. Akalitaja jina la yule bwana, majina yote matatu, polepole, herufi kwa herufi, ili mtoto asikosee.