Ungamo la Jabali

Katika nchi ya Jabalini kila mnyama alikuwa na pango lake, lakini paa lilikuwa moja: jabali kubwa, mali ya wote, lililotunzwa na Mfalme Nyegere na Baraza lake. Anayeuza pango hakuruhusiwa kuondoka mpaka Baraza litoe ungamo, yaani tamko la kila kasoro ya jabali, lisomwe mlangoni. Mnunuzi huweka kiganja ukutani akauliza mara tatu, "Kuna jingine?" Katibu hujibu. Muuzaji hunyamaza, ndiyo adabu.

Mama Nguchiro alikuwa anauza. Siku chache nyuma, unga wa mawe ulikuwa umewamwagikia wanawe wakinyonya. Alipoinua macho aliona ufa mwembamba kama unywele, umeanzia kwake unaelekea ikulu. Wiki haikuisha, kidole kikawa kinaingia.

Alikwenda barazani, mtoto mgongoni.

"Mtukufu, naomba ufa uandikwe kwenye ungamo."

"Ufa?" Mfalme alitabasamu. "Hayo ni makunyanzi ya uzee, mama. Hata mimi ninayo."

"Makunyanzi hayamwagi unga, Mtukufu."

Wajumbe wakakohoa. Katibu Kinyonga, ambaye asubuhi hiyo alikuwa na rangi ya kiti cha Mfalme, akainama. "Tukiandika ufa, nani atahamia hapa tena? Wewe uza, chukua wanao, nenda zako. Kwani nani amekushika?"

"Na atakayesema nje ya ungamo," Mfalme aliongeza kwa upole uliomtia Mama Nguchiro baridi, "pango lake ni letu, naye hatoki humu."

Kesho yake mnunuzi alifika: Nungunungu, tumbo limemtangulia, miiba imelala kwa furaha. Ufa haukuonekana. Alfajiri watu wa Baraza walikuwa wameuziba kwa tope.

"Mwenzangu, hapa ndipo nitakapomlaza mwanangu," alisema, akisimama chini ya ufa hasa.

Kinyonga alisoma. Jabali ni zima. Jabali ni imara.

Nungunungu akaweka kiganja ukutani. "Kuna jingine?"

"Hakuna."

"Kuna jingine?"

"Hakuna."

Mama Nguchiro alitazama mlango. Njia ya kutoka ilikuwa wazi, hatua tano tu. Alimpandisha mtoto mgongoni, mtoto akadhani anabembelezwa, akasinzia.

"Kuna jingine?"

"Lipo," alisema Mama Nguchiro. Sauti ilitoka ndogo mno. "Lipo, dada. Juu ya kichwa chako."

Akaparua tope kwa kucha. Unga ukamwagika. Walinzi walimrukia, lakini miiba ya Nungunungu ilikwisha kusimama yote.

"Mguseni," alisema, "mwone."

Walinzi wakarudi nyuma. Kisha kwenye pango la pili, Fuko mzee akatoa kichwa. "Na kwangu lipo. Tangu masika."

"Na kwangu!"

"Ala! Nilidhani ni kwangu peke yangu!"

Milango ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Kufikia adhuhuri Jabalini nzima ilikuwa nje juani, kila mzazi akihesabu wanawe na kuhesabu tena.

Ndani walibaki wawili. Kinyonga alikuwa bado anasoma kwamba jabali ni zima, ila sasa rangi yake ilikuwa ya vumbi. Mfalme Nyegere, kwa mara ya kwanza katika utawala wake, aliweka kiganja ukutani.

"Kuna jingine?"

Katibu hakujibu. Jabali lilijibu.