Kamera Iliyosimama

Mimi sipendi video inayotikisika. Ishiara nzima inajua hivyo: ukimwita Vincent kwenye mazishi, anakuja na stendi ya miguu mitatu, anaisimika, na picha inatulia kama maji ya mtungini. Wale wanaozunguka na simu nilikuwa nikiwacheka.

Ndivyo nilivyorekodi mazishi ya Ireri, mume wa Mama Sheila. Kamera ilikaa mahali pamoja, ikigeuka polepole kutoka kwa mhubiri hadi kwenye jeneza, hadi kwenye itoka, maua ya kuonyesha mpaka, ambayo babu yake Ireri alipanda kati ya shamba lake na la ndugu yake.

Miaka miwili baadaye Njagi, mdogo wake Ireri, aliyang'oa maua hayo na kuvuta seng'enge hadi ubavuni mwa kaburi. Mistari yote ya muguka, miraa ya huku kwetu, iliyomsomesha Sheila ikabaki upande wa Njagi. Kesi ikaitwa mbele ya wazee.

"Vincent, si kamera yako ilishika hayo maua?" Mama Sheila aliniuliza. "Mimi najua ni hatua kumi na moja kutoka kwa kaburi. Lakini neno la mjane nani ataliamini? Wacha video iseme."

Nikamwambia asijali. Nilipanda hadi Makutano, Meru, kwa Kinya niliyesoma naye, ambaye kazi yake ni kupima umbali kwa video. Aliniambia tunahitaji kitu kimoja chenye kipimo kinachojulikana. Nikampigia fundi aliyechonga jeneza: futi sita na nusu. Nilijiona shujaa.

Kinya alitazama dakika kumi, akaegemea kiti.

"Vincent, wewe ulisimama tu."

"Ndiyo. Picha imetulia."

"Imetulia sana, hiyo ndiyo shida. Ukitembea, kitu cha karibu kinakimbia na cha mbali kinabaki nyuma. Hiyo tofauti ndiyo mimi napima. Hapa uligeuza shingo tu. Na watu wameficha ardhi yote, naona tu vichwa vya maua. Inaweza kuwa hatua mbili, inaweza kuwa ishirini."

"Hakuna mahali nimetembea?"

Alisogeza mbele. Palikuwapo mahali pamoja tu. Nilikuwa nimeing'oa kamera na kuondoka mbio, picha ikiruka vizuri kabisa, kuelekea kwenye sufuria za chakula. Maua yalikuwa mgongoni mwangu.

Siku ya kesi wazee waliisifu video yangu, kisha, kwa kuwa haikuonyesha umbali, wakampa Njagi ardhi. Mama Sheila hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Wiki iliyofuata aliniita kaburini.

"Piga tena," alisema. "Lakini leo tembea. Njagi akirudi kusogeza seng'enge, tuwe na ushahidi."

Nikaacha stendi kwenye nyasi, nikaanza kulizunguka kaburi la Ireri. Seng'enge ikanizuia kabla sijafika upande wa pili. Kinya alipoipata video hiyo, jibu lilitoka mara moja, bila shaka yoyote: kutoka kaburini hadi mpaka mpya, hatua moja.