Namba Tisa Nyuma ya Mtumbwi

Isidori aliumia kifundo cha mguu kwa sababu ya kupunga mkono. Mechi ilikuwa imekwisha, bao lake la kawaida ameshalifunga, naye akawa anatoka uwanjani kinyumenyume ili mashabiki waendelee kumwona. Nyuma yake lilikuwa shamba la maharage, na shamba la Mmatengo lina ngolo: mashimo ya kukinga maji ya mvua, yamepangwa mteremko mzima. Shamba lenyewe lilikuwa la Isidori. Akatumbukia kwenye ngolo aliyoichimba mwenyewe msimu uleule, na kwa wiki nzima pale kijijini, jirani na Litembo, hakukuwa na salamu nyingine ila "mchimba kisima huingia mwenyewe."

Hospitali wakamfunga hogo la plasta mpaka chini ya goti. Daktari akasema mpira basi mpaka mahindi yavunwe. Hakusema mahindi ya mwaka gani, na Isidori, aliyekuwa anakaribia miaka arobaini na tano, hakuthubutu kuuliza.

Sasa, timu ya kigango chao ilikuwa na mchezo mmoja tu. Uwanja wao umeinama upande mmoja, kwa hiyo mpira ukipigwa popote huteremka wenyewe hadi kona ya chini. Isidori alikuwa ameacha kukimbia zamani. Alisimama kwenye kona hiyo, mikono kiunoni, akiusubiri mpira umfikie, kisha anaupiga. Na alijua kupiga, tusimnyime haki yake. Vijana waliozaliwa akiwa tayari anavaa namba tisa walikua wakijua kwamba kucheza mpira ni kumtafuta mzee Isidori kwa macho na kumpelekea.

Namba yake akapewa Sixtus, kijana mwenye mbio za mtu anayefukuzwa na nyuki. Jumapili iliyofuata walicheza nyumbani na timu ya Matiri. Isidori akaletwa kutazama. Akaweka kigoda kwenye kona yake ileile, mguu juu ya gunia. Sixtus alikimbia upande wa juu akiita, "Nipe! Nipe!" mpaka sauti ikamkauka. Mipira yote ikateremka kwa Isidori, ikatoka nje, naye akawa anairudisha kwa gongo lake la kutembelea. Wakafungwa matatu bila.

"Ni mteremko huu," alisema mwalimu Ambokile, kocha wao, mtu wa Mbeya aliyehamishiwa shule ya pale. "Unahitaji mzoefu."

Isidori alitikisa kichwa kwa masikitiko. Jioni akaomba uji aongezewe sukari.

"Baba Aurelia," mkewe Hilaria akamwambia, "timu imefungwa, na wewe unapiga mluzi?"

"Nimepiga mluzi mimi?"

"Tangu getini."

Ukweli ni kwamba alifurahi. Alifurahi kwa furaha mbaya, ile ambayo mtu haipeleki hata kwenye maungamo. Kilichokuwa kinamnyima usingizi si maumivu ya mguu. Alikuwa anaogopa kwamba timu ingekwenda bila yeye na isione tofauti. Sasa tofauti imeonekana, tena matatu bila.

Ikabaki mechi ya Lituhi, mechi ya mwaka. Watu wa milimani wanashuka ziwani na magunia ya maharage, na desturi yao ni moja: aliyefungwa anapika, aliyeshinda ananawa mikono. Miaka mingi milima ilikuwa imenawa mikono, na mbasa, samaki wa kukaanga wa Lituhi, wanasifiwa hadi Mbinga mjini. Isidori akapandishwa mbele kwenye fuso, kando ya dereva, kama baba wa bwana harusi.

Uwanja wa Lituhi ni mchanga, tambarare kama meza. Isidori akaweka kigoda chake kwenye kona, mahali alipozoea. Nyuma yake mwanamke mmoja aitwaye Kunigunda alikuwa ameanika usipa, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu, na nyuma ya usipa kulikuwa na mtumbwi uliofudikizwa.

Mpira ukaanza. Beki wa kushoto akainua kichwa, akapiga: ukatoka nje, miguuni pa Isidori. Kiungo akainua kichwa, akapiga: ukamfuata Isidori. Sixtus alikuwa peke yake mbele ya goli, mikono juu, kama mtu anayeanika nguo. Hakuna aliyemwona. Lituhi wakafunga moja, wakaongeza la pili. Kisha mpira mwingine ukapita juu ya kichwa cha Isidori na kutua katikati ya usipa.

"Wewe baba!" Kunigunda alifoka. "Hama hapo! Ulipo wewe ndipo mipira inakuja. Mnataka kunimalizia samaki?"

"Shemeji, ni mteremko..." Isidori alianza, kisha akautazama uwanja.

Mteremko uko wapi? Hapakuwa na mteremko. Ilikuwa tambarare mpaka majini. Akakumbuka vichwa vile vikiinuka, kimoja baada ya kingine, na macho yote yakimjia yeye.

Wakati wa mapumziko wachezaji walimzunguka. Golikipa ndiye aliyesema. "Mzee, tumeongea na refa. Ukisimama tu pale ndani, na gongo lako, hatajali. Usimame tu."

Na Mungu anisamehe kwa niaba yake, alitaka! Mguu wenyewe ulishaanza kuwasha ndani ya hogo. Aliwaona wakimtazama wote, kama vifaranga, na hakuna kitu duniani alichokipenda kuliko kutazamwa hivyo. Sixtus peke yake alikuwa amekaa pembeni, akimimina mchanga kutoka kwenye kiatu.

"Nina haja," Isidori alisema. "Naenda nyuma ya mtumbwi."

"Tukusubiri?"

"Msinisubiri. Anzeni. Mkiinua vichwa, mtafuteni mtoto huyo."

Akajikongoja, akazunguka, akakaa mchangani, mtumbwi ukimkinga kabisa. Kutoka pale aliona ziwa na usipa, basi. Kunigunda alimkuta.

"Umejificha?"

"Nimejificha."

"Basi fukuza kunguru," akasema, na akaenda kuishangilia Lituhi.

Hivyo ndivyo namba tisa ya miaka yote ile ilivyocheza kipindi cha pili: kwa gongo, dhidi ya kunguru. Alisikiliza. Kukawa kimya kirefu. Wenzake, bila shaka, wanainua vichwa na hawaoni kitu. Akaumwa na hamu ya kuchungulia, akauma mkono wa koti. Kisha sauti chache za watu wa fuso lao zikapasuka kwa pamoja. Baadaye zikapasuka tena. Mara ya tatu alisikia jina, na halikuwa lake. "Sixtus! Sixtus!" Lilimchoma kuliko ngolo. Hapohapo akajikuta amenyoosha gongo juu na kunguru wote wametawanyika.

Filimbi ikalia. Nyimbo za watu wa milimani zikaelekea kwenye masufuria, zikafifia. Hakuna aliyekuja. Wamemsahau, naam, na aliyewafundisha kumsahau ni yeye. Akakaa akiusugua mguu uliofungwa, macho yamemjaa maji, hajui ayaite ya nini.

Nyayo zikaja mbio mchangani.

"Shikamoo, baba." Ni Sixtus, jasho tupu, sahani ya mbasa mkononi. "Tumekutafuta kwenye kona. Uliliona lile la mwisho?"

Isidori alitaka kusema ameliona. Alikuwa ameshafungua mdomo.

"Sijaona hata moja," akasema. "Kaa hapa. Anza na la kwanza, na usiruke kitu."